Mkalimani wa Gisenyi

Nyumba ya Papa Kataliko ni ya ghorofa, ila ghorofa yake ilishuka badala ya kupanda. Hivyo ndivyo anavyowaambia wageni, na akiisha kusema hucheka peke yake kabla hujajua kama ni mzaha. Aliijenga kwa faida ya maharagwe, vyumba vinne chini na vinne juu, mtaa wa Birere mjini Goma, Kongo, karibu na mpaka wa Rwanda kiasi kwamba jogoo wa Gisenyi akiwika humwamsha mtu wa Goma. Mwaka 2002 volkano ya Nyiragongo ikatapika, lava ikashuka mpaka ziwani ikipitia barabara yake, na ilipopoa vyumba vya chini vilikuwa vimezikwa. Wengine wangehama. Papa Kataliko aligeuza dirisha la juu kuwa mlango, akafagia, akaingia. Miaka michache baadaye alitoboa sakafu akitafuta mahali pa kuweka magunia, akakuta chumba kimoja cha nyuma ambacho lava, kwa sababu anayoijua Mungu peke yake, ilikizunguka bila kukiingia. Akaweka ngazi ya mbao na kukifanya stoo.

Chumba hicho hakina dirisha. Sauti ya pikipiki haifiki huko, wala redio ya jirani, wala kelele za kanisa la pembeni ambako watu huanza kukemea mapepo tangu asubuhi. Ukikaa humo kitambo unaanza kusikia moyo wako mwenyewe, na si kila mtu hufurahia kuusikia. Lakini ndicho kilichompatia kazi Fabiola, binti wa Papa Kataliko, na ndicho kilichomnasa.

Fabiola Kahindo alikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, akisomea uchumi katika mji ambao uchumi wake ulikuwa unakata roho mbele ya macho yake. Kwanza ilikatika barabara ya Rutshuru, ile iliyokuwa ikileta malori ya baba yake kutoka Butembo. Mama yake alikuwa amekwenda huko kwenye matanga ya kaka yake, njia ikafungwa nyuma yake, akabaki huko akawa mama wa simu. Kisha ikakatika barabara ya Sake. Kaskazini, nyuma ya Munigi, kulikuwa na waasi na volkano, magharibi, nyuma ya Mugunga, waasi tena, kusini ziwa, mashariki mpaka unaofunguliwa na kufungwa kwa hiari ya wenye mpaka. Mwaka 2021, mlima ulipowaka tena, familia nzima ilikimbilia Sake ikiwa na godoro na sufuria, kisha ikarudi nyumbani. Sasa hata pa kukimbilia palikuwa pamekwisha.

Chuo nacho kilifungua na kufunga kama duka la mtu mvivu. Papa Kataliko, ambaye zamani alikuwa hakai chini, alianza kukaa mlangoni akitazama watu wakipita, na jambo hilo lilimwumiza Fabiola kuliko njaa. Akaamua moyoni: kama barabara zote zimefungwa, basi kazi na ipite hewani. Alikuwa na lugha mbili za kuuza, Kifaransa alichonyooshewa na masista wa shule, na Kiswahili alichokunywa mtaani.

Wacha nikuambie, kutafuta kazi ya kufanyia nyumbani ni kazi yenyewe. Kuna waliomtaka alipe kwanza ili apewe mafunzo, hao aliwakimbia. Kuna waliomtafsirisha kurasa na kurasa za matangazo ya sabuni, wakapokea, kisha wakatulia kama maji mtungini bila kulipa. Na wale wazuri, wenye mkataba na saa za kuchagua mwenyewe, saa ambazo zingemwacha ahudhurie masomo ya asubuhi, hao waliuliza nchi. Ukibonyeza Kongo mlango unafungwa kwa adabu: asante kwa kutupenda, kwa sasa hatuajiri katika nchi yako. Fabiola alifungiwa mlango huo wa adabu mpaka akaanza kuiona adabu yenyewe kuwa tusi.

Aliyemfungua macho ni Uwimbabazi, rafiki yake wa darasani, binti wa watu wa Rutshuru mwenye ulimi mwepesi.

“Weye uko na kichwa nguvu,” Uwimbabazi alimwambia. “Juu ya nini unaandika Goma? Andika Gisenyi. Pale kwenu réseau ya simu ya Rwanda inaingia muzuri kupita ya kwetu. Tantine yangu, mudogo wa mama, anakaa kule, utatumia adresse yake. Na puce ya kule, ile kadi ya simu, nitakuletea.”

“Na kama wakiuliza?”

“Nani atauliza? Watu watoke Canada kuja kuhesabu nyumba za Gisenyi?”

Kampuni waliyokuwa wakiizungumzia ilikuwa ya Montréal, jimbo la Québec nchini Canada, ikiwakodisha wakalimani wa simu kwa hospitali za huko. Mgonjwa aliyekimbia Kongo amelala kitandani, daktari anajua Kifaransa tu. Simu inapigwa, na katikati yao anakaa mtu kama Fabiola. Bibi aliyewasimamia wakalimani, jina lake Valérie, alimpa mtihani wa lugha, kisha mtihani wa kimya: hakuna kusema lolote, wanasikiliza tu mahali mtu alipo. Wengi huangukia hapo. Fabiola alishuka ngazi akakaa juu ya gunia la maharagwe, waya wa intaneti ukiwa umeshushwa kutoka dirisha la juu ambako kidude cha kunasa réseau kilielekezwa Rwanda. Valérie akasikiliza, akasikiliza.

“Una studio nzuri sana huko Gisenyi,” akasema mwishowe.

“Asante, madame,” akajibu Fabiola, na buibui akapita juu ya mguu wake.

Kanuni kubwa ya kazi ile ilikuwa kwamba mkalimani hayupo. Mgonjwa akisema “ninaumwa”, wewe husemi “anasema anaumwa”, unasema “ninaumwa”. Hupunguzi, huongezi. Linalosemwa na mmoja lazima limfikie mwingine, hata likiwa tusi, hata likiwa linakuhusu wewe mwenyewe. Simu zote zilirekodiwa. Na mkataba ulisema wazi kwamba hakuna kufanya kazi kutoka mahali penye vita, kwa sababu bima haikubali. Lakini Gisenyi hakukuwa na vita, kwa hiyo Fabiola alitia sahihi.

Basi katika mchana mmoja aliweza kuwa mzee mwenye kibofu kilichoziba, akawa msichana aliyeharibikiwa na mimba, akawa baba anayeambiwa kwamba jicho la mwanawe halitaona tena. Baba yake alikuwa na tabia ya kukaa karibu na tundu la ngazi akisikiliza, na bintiye akipanda alikuwa na utani wake.

“Leo umezaa mara ngapi?”

“Mara mbili, papa. Moja kwa kupasuliwa.”

“Pole. Wajukuu wangu wanakuwa mingi, na hakuna hata mumoja anakuja kunisalimia.”

Malipo yakaja kupitia puce ileile ya Rwanda, nyumba ikala. Mama huko Butembo akala. Papa Kataliko akaanza tena kunyoa ndevu. Lakini uongo ukishaingia ndani ya nyumba, nao unataka kulishwa. Valérie alikuwa mtu mwema, na watu wema huuliza habari. Akiuliza wikendi ilikuwaje, Fabiola alimtungia ufuko wa Gisenyi na soko la Gisenyi. Siku mabomu yalipoangukia watu wa kambi upande wa Mugunga, Valérie alimwandikia: nimeona habari za kutisha za majirani zenu wa Goma, poleni sana. Fabiola akajibu kwamba ni kweli inasikitisha, na kwamba huku tunawaombea. Aliandika hivyo akiwa ametoka kumpelekea Uwimbabazi unga, maana nyumba ya kina Uwimbabazi ilikuwa imejaa ndugu waliokimbia. Alipobonyeza kutuma alijichukia, akashuka chini akaendelea na kazi.

Mwezi wa kwanza mwaka 2025 vita ikafika mlangoni. Sake ikaanguka, kambi za Mugunga zikaanza kumwaga watu wake mjini, umeme ukazimika, mabomba yakakauka. Réseau za Kongo zikafa. Ya Rwanda ikabaki, na huenda katika mtaa mzima ni kidude cha Fabiola tu kilichokuwa bado kinawaka taa ya kijani. Alikifunika kitambaa, kwa sababu siku hizo mtu wa Goma aliyekutwa na puce ya Rwanda alihesabiwa mpelelezi wa waasi, na hakupewa muda wa kujieleza. Paneli ya jua juu ya bati ilitosha kuchaji kompyuta.

Jumatatu ile risasi zilikuwa zimeingia mtaani kabisa. Papa Kataliko aliziba mlango kwa kabati, wakashuka wote wawili na dumu la maji.

“Leo usitumike, kazi ingoje,” baba akasema.

“Papa, nikikosa bila kuaga watanifuta kazi. Na nikikaa hapa nasikiliza tu, kichwa itapasuka.”

Baba hakubishana. Alikaa juu ya magunia matupu, mgongo ukutani, akaweka kidole mdomoni kuonyesha kwamba anaijua sheria: mkalimani awe peke yake chumbani.

Alasiri, ambayo kwa watu wa Québec ni asubuhi, simu ikaingia. Daktari alikuwa na sauti ya mtu mwenye haraka anayejitahidi kutoonyesha haraka. Mgonjwa wake, Mama Dancille, alikuwa mtu wa Masisi aliyefika Canada kupitia kambi za Uganda. Tumboni alikuwa na uvimbe uliopaswa kutolewa asubuhi ileile. Chumba cha upasuaji kilikuwa tayari, watu wamekwisha nawa mikono, na mama amekataa.

“Jana alikubali,” daktari akasema. “Leo hataki. Mwulize kwa nini.”

Fabiola akauliza. Sauti iliyojibu ilikuwa ya nyumbani kabisa, nzito, ya mtu aliyelima mlimani.

“Mutoto wangu Janvier iko Mugunga. Simu yake haipite tangu siku tatu. Niko naona kwa televizyo watu wanakimbia na magodoro kwa kichwa. Sasa mimi nilale, wanipasue, nikufe huku mbali bila kujua kama mutoto angali muzima? Hapana. Nitangoja.”

“Mwanangu Janvier yuko Mugunga,” Fabiola akaanza kwa Kifaransa, na akaendelea mpaka mwisho bila kuongeza wala kupunguza. Aliposema “mwanangu” hakutikisika. Alikuwa amezoea kuwa na watoto.

Daktari akaeleza kwamba uvimbe unaweza kupasuka wakati wowote, na ukipasuka hakutakuwa na la kufanya. Fabiola akavuta pumzi aanze kulileta kwa Kiswahili.

“Mama, tukingoja, ile uvimbe inaweza—”

Hapo ndipo bomu lilipoanguka. Sijui liliangukia nyumba ya nani, lakini mwamba wote ulilibeba. Ngazi iliruka, vumbi likamwagika kutoka darini, mabati huko juu yakalia. Papa Kataliko alijikunja na kushika kichwa kwa mikono miwili. Kipaza sauti cha Fabiola kilimeza mlio wote na kuupeleka Québec.

“Ni nini hicho?” daktari akauliza.

Neno lilikuwa tayari mdomoni mwa Fabiola. Mlango. Mlango umejipiga, docteur, samahani. Lakini mama alimtangulia.

“Ule mulio ninaujua,” Mama Dancille akasema polepole. “Haiko radi. Haiko mulango. Ile ni bombe. Mutoto, weye uko wapi?”

Fabiola akamtazama baba yake. Baba alikuwa ameelewa kwamba mlio umesikika huko. Alikuwa anatikisa kichwa, hapana, hapana, vumbi likimwanguka kutoka kwenye nywele. Fabiola angeweza kulimeza swali lile. Daktari asingejua kitu, mama angedhani hakusikika, na kazi ingepona. Lakini alikuwa amekula kiapo cha kutomeza neno la mtu, na katika miezi yote ile, huo ndio ulikuwa upande mmoja wa kazi yake usio na uongo. Ukiondoka huo, atabaki na nini? Akafungua mdomo na kulisema swali kwa Kifaransa, lote: mlio ule ninaujua, si radi, si mlango, ni bomu, mtoto, wewe uko wapi?

“Anamwuliza nani?” daktari akauliza.

“Anamwuliza mkalimani, docteur.”



“Basi mjibu,” daktari akasema. “Na mimi nataka kujua.”

“Niko Goma, mama,” Fabiola akasema. “Niko chini ya nyumba yetu, kule Birere. Niko na papa yangu. Wako wanapiga tangu asubuhi.” Kisha yakamtoka mengine ambayo hakuna aliyemwuliza. “Niko naogopa, mama. Naogopa sana.”

Na kwa sababu kanuni ni kanuni, alimgeuzia daktari maneno hayo neno kwa neno, na ni huko kwenye Kifaransa ndiko sauti ilikomkatikia.

“Na bado unatumika?” mama akauliza.

“Bado, mama.”

“Mugunga je?”

Jambo hilo Fabiola hakulipamba. “Sijui, mama. Watu ya Mugunga wamehama, wamejaa mujini, kwa makanisa na kwa mashule. Lakini réseau ya huku yote imekufa. Mimi niko kwa réseau ya Rwanda. Hata papa yangu ukimuita kwa simu sasa hautamupata, na iko hapa mbele yangu anapumua.”

“Kumbe ni réseau,” mama akasema. Akarudia, kama mtu anayelionja neno: “Kumbe ni réseau.” Kisha akacheka kidogo, au alilia, kwa simu si rahisi kujua. “Ambia dokta anipasue. Kama huyu mutoto anakaa chini ya mabombe na anatumika, mimi ndio nitaogopa kisu?”

Fabiola akaligeuza hilo pia, huku machozi yakimwingia mdomoni. Daktari akasema asante, akasema jitunze, na laini ikakatika.

“Umejifuta kazi weye mwenyewe,” Papa Kataliko akasema.

“Najua, papa.”

Hakumgombeza. Alimsogezea dumu la maji, wakanywa kwa zamu. Nitasema ukweli: kwa muda ule mfupi, katika kaburi lile lenye vumbi, watu wakiuana juu ya vichwa vyao, Fabiola alijisikia huru kama mtu aliyevua kiatu kinachobana. Haikudumu.

Kesho yake akaunti yake ya kazi ilikuwa imefungwa. Ujumbe ulisema ni kwa ajili ya usalama wake. Siku chache baadaye risasi zikanyamaza, mji ukawa na wakubwa wapya, watu wakatoka kuzika na kutafuta unga. Benki zilifungwa na kubaki zimefungwa. Uwanja wa ndege hivyohivyo. Papa Kataliko akarudi kukaa mlangoni, na ndevu zikaanza kumwota. Kutoka Butembo mama alituma ujumbe ukipitia kwa mtu wa Uganda: nasikia mko salama, msihangaike juu yangu, nitakopa. Mama yake hakuwahi kukopa hata chumvi.

Ndipo Valérie akaandika tena, kwa jina lake mwenyewe safari hii. Alisema amesikiliza ile simu mara nyingi. Alisema hajawahi kusikia kazi iliyofanywa vizuri namna ile, na kwamba aliilia. Lakini bima ni bima. Nimeambiwa kwamba mpaka umefunguliwa, aliandika. Niandikie sentensi moja tu kwamba umevuka na uko Gisenyi, nami nitakufungulia leoleo. Sitauliza zaidi ya hapo.

Ni kweli mpaka ulikuwa umefunguliwa, na Fabiola alilifikiria jambo la kuvuka kikwelikweli. Lakini walikuwa wanaufunga saa tisa alasiri, saa ileile watu wa Québec wanapoamka, na kulala ng’ambo ilikuwa jambo jingine: kwa tantine wa Uwimbabazi watu walikuwa wamelala mpaka jikoni, watoto wanalia, hakuna kona hata ya kupigia chafya, sembuse ya kumwambia mtu habari za saratani yake. Na nani angebaki na Papa Kataliko? Nyumba zilizoachwa zilikuwa zinapata wenyewe wapya kabla majivu ya jikoni hayajapoa.

“Andika,” baba akamwambia. Alikuwa amesimama nyuma yake akisoma juu ya bega.

“Papa, nilisha kusema kweli mbele ya kila mutu.”

“Ulisema. Na ilikuwa muzuri, nilikuwa pale nilisikia. Sasa andika.” Sauti yake ilishuka. “Mimi nimedanganya watu wa douane, wale wa ushuru, maisha yangu yote juu ya uzito wa maharagwe, na weye ukakula, ukasoma. Sentensi moja tu, Fabiola. Mama yako anakopa.”

Aliandika. Nimevuka. Niko Gisenyi. Akatuma, na akaona aibu. Haikuwa aibu ya kudanganya, maana alikuwa amedanganya karibu mwaka mzima na kulala usingizi wake. Ilikuwa aibu ya kudanganya baada ya kusema kweli, na hiyo inachoma zaidi. Alasiri taa ya akaunti ikarudi kuwa ya kijani. Papa Kataliko alivaa koti akatoka kwenda kutafuta unga, akitembea haraka kama zamani. Fabiola akashuka ngazi, akakaa, akavaa vipokea sauti.

Simu ya kwanza ilitoka hospitali ileile. Muuguzi, msichana mwenye sauti changamfu, alisema kwamba mgonjwa wao amemwomba mkalimani huyu na si mwingine, kwamba upasuaji ulikwenda vizuri sana, lakini mama tangu hapo hataki kula. Wanamletea anasukuma sahani. Hawajui wafanye nini.

“Hodi, mutoto,” ikasema ile sauti nzito, sasa ikiwa imepungua. “Ni weye?”

“Ni mimi, mama. Pole na maumivu.”

“Maumivu iko kitu gani. Janvier hajashika simu bado.” Kitanda kikalia akijigeuza. “Nilikuwa nawaza juu yako. Kila siku nawaza: na ule mutoto je, aliye chini ya nyumba? Chakula hakipite. Niambie. Ungali Goma?”

Fabiola alilipeleka swali kwa Kifaransa. Muuguzi akasema kwa furaha: mjibu, tafadhali, amekuwa akituuliza habari zako kwa ishara.

Simu ilikuwa inarekodiwa, na Valérie husikiliza. Mwamba ulikuwa kimya pande zote nne.

“Hapana, mama,” Fabiola akasema. “Nilivuka. Niko Gisenyi.”

Akaligeuza hilo nalo kwa ajili ya muuguzi, kama inavyotakiwa.

 Kisha Mama Dancille akalipuka kwa kilio, lakini si kilio cha msiba. Kilikuwa kile cha akina mama kanisani siku ya Pasaka. “Yesu asifiwe! Ametoka! Yesu asifiwe, ametoka! Hata mumoja ametoka!” Kitanda chake kilisikika kikigongagonga. “Kama huyu ametoka, basi na Janvier anaweza kutoka. Leo nitakula. Waambie walete, leo nitakula!”

“Anasema nini?” muuguzi akauliza, akicheka bila kujua anachochekea. “Mbona amefurahi hivyo?”

Fabiola alivishika vipokea sauti kwa mikono miwili. Kisha akasema kwa Kifaransa, kwa sauti iliyotulia, bila kuongeza wala kupunguza: Yesu asifiwe, ametoka. Hata mmoja ametoka. Kama huyu ametoka, na Janvier anaweza kutoka. Leo nitakula.

“Vizuri sana!” muuguzi akasema. “Mwulize anataka supu au wali.”

Naye Fabiola akamwuliza.